Mchezo Baada ya Baleghe

Tumefundishwa kwamba kalamu ya kuandika makosa imeinuliwa juu ya watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mwendawazimu mpaka arudiwe na akili, na mtoto mpaka abaleghe. Kutokana na mafundisho haya watu wengi, pasipo kutamka kwa ulimi, wamejijengea itikadi ya kwamba mchezo nao ni miongoni mwa mambo yaliyosamehewa kwa sababu ya udogo tu; na kwamba siku kalamu inaposhuka, na taklifu ya sala na saumu na amana ikamkalia kijana mabegani, mchezo hauna budi kufunga mizigo yake na kuondoka. Ndiyo maana mzee anayeonekana akikimbizana na wajukuu zake uwanjani huitwa mtu mzima hovyo, na karani anayechora ndege pembeni mwa daftari lake huulizwa kama amekosa kazi. Swali ninalotaka kulichungua hapa ni hili: je, mja anayejua kwamba ataulizwa umri wake aliumaliza katika nini, anayo ruhusa ya kucheza? Nami nasema anayo, tena anayo zaidi ya ruhusa. Na hoja zangu nitazianzia palepale ambapo wenye kukataa huzitoa zao.

Hoja yao kubwa wanaitoa katika Kitabu chenyewe. Sura ya Al-Hadid inayataja maisha ya dunia kwa sifa tano, ya kwanza ikiwa mchezo, ikifuatwa na pumbao, pambo, kujifakharisha baina ya watu, na kushindana kwa wingi wa mali na watoto. Kisha inayapigia mfano wa mimea iliyowapendeza wakulima baada ya mvua, ambayo haikukawia ikanyauka na kuwa makapi. Sura ya Al-Anbiyaa nayo inakanusha kwamba mbingu na ardhi ziliumbwa kwa mchezo. Mtu akizipitia aya hizi kwa haraka huona mlango umekwisha kufungwa: ikiwa dunia inalaumiwa kwa kuwa mchezo, na ikiwa Muumba mwenyewe ametakasika na kuumba kwa mchezo, basi mja mwenye akili timamu atacheza kwa hoja gani?

Lakini wako wafasiri waliozisoma sifa hizo tano kama vipindi vitano vya umri wa mwanadamu, wakasema kwamba mchezo ni wa mtoto, pumbao ni la kijana anayeinukia, pambo ni la aliyefikia ujana kamili na kutamani kutazamwa, fakhari ni ya mtu wa makamo aliyekwisha kupata cheo, na wingi ni wa mzee ahesabuye mali na kizazi chake. Usomaji huu ukifuatwa mpaka mwisho wake unaigeuza hukumu tuliyoizoea. Katika vipindi vitano hivyo ni kimoja tu ambacho mwenyewe hana lawama, nacho ni cha kwanza, maana kalamu yake imeinuliwa. Vinne vilivyobaki ni vyetu. Mtu mzima, basi, hakuuacha mchezo alipobaleghe. Aliubadilisha kwa mwingine ulio mzito zaidi na wenye hila zaidi: akaacha kushindana mbio akashindana ghorofa, akaacha kujifanya sultani juu ya kichuguu akajifanya sultani nyuma ya meza ya ofisi, akaacha kupika mchanga katika kifuu akapika karamu ya harusi ambayo nusu ya walioila hawajui jina la bibi arusi, na ambayo deni lake litalipwa mpaka mtoto wa ndoa ile aanze shule. Mtoto anajua kwamba anacheza, na sisi hatujui. Yeye jua likichwa huuacha usultani wake palepale kichuguuni akaenda kuoga, na sisi usultani wetu twalala nao na kuamka nao.

Anayetaka kuufahamu mchezo wa kweli na aende ufukweni, Lamu au Pangani au Kojani, saa ya maji kupwa, awatazame watoto wanavyounda madau yao. Kipande cha mti mwepesi kimechongwa omo na tezi kwa kisu kibutu, mlingoti ni njiti, tanga ni jani la mkungu. Yuko nahodha, wako mabaharia, na kusi na kaskazi hutajwa kila moja kwa mahali pake, kwa kuwa mchezo huu hauruhusu ujinga. Hapana anayelipwa. Hapana askari anayesimamia sheria, lakini sheria zipo, tena zinatiiwa kuliko nyingi za baladia. Mtoto aonaye kwamba mwenzake amelisukuma dau kwa mkono badala ya kuliachia upepo atapiga kelele, na wenziwe watamtoa mkosaji mchezoni papo hapo. Na wimbi likilipindua dau na kulivunja, mwenye dau hucheka, akatafuta kipande kingine. Ni kazi ngapi za watu wazima zilizokusanya mambo haya pamoja, juhudi isiyongoja ujira, utii usiongoja askari, na moyo usiovunjwa na hasara? Wanazuoni wanapoieleza ikhlasi husema kwamba ni kutenda jambo pasipo kuyatazama macho ya viumbe. Sidai kwamba mtoto wa ufukweni yumo katika ibada. Nadai kwamba moyo wake uko katika hali ambayo mcha Mungu huitafuta kwa mikesha mingi, na kwamba aliyewahi kuwa katika hali hiyo kisha akaipoteza ana jambo la kulirejea. Mbingu na ardhi hazikuumbwa kwa mchezo, yaani hazikuumbwa kwa upuuzi wala bila ya haki. Lakini ndani ya mchezo wa dau la jani la mkungu haki imo, na upuuzi mtu huukuta zaidi mahali pengine, wenye mahali hapo wakiwa wamevaa nguo za heshima.

Nabii Yaakub aliombwa na wanawe wamchukue Yusufu kesho yake, apate kustarehe na kucheza. Walikuwa na khiyana moyoni, lakini ombi lenyewe walilitunga kwa namna waliyotumaini kwamba haitakataliwa, na jibu la mzee yule linastahili kuzingatiwa: hakusema kwamba mtoto wa Nabii hachezi, alisema kwamba atahuzunika kutengwa naye, na kwamba anamhofia mbwa mwitu. Hofu yake ilikuwa juu ya hatari, mchezo haukuguswa. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ambaye hapana awezaye kumtuhumu kwa kupenda upuuzi, ameagiza katika Ihyaa Ulumiddini kwamba mtoto akitoka chuoni aachiwe acheze mchezo mwema hadi apumzike na taabu ya masomo, kwa sababu kumzuia mchezo na kumlemeza kwa elimu daima huua moyo wake, huzima akili yake, na humfanya atafute hila za kuyakimbia masomo yote. Ghazali aliyasema haya juu ya mtoto. Mimi nauliza: moyo unaokufa kwa kukosa mchezo katika mwaka wake wa nane, unapata wapi kinga ukifika wa arobaini?

Aliyelijibu swali hili kwa vitendo ni Mtume mwenyewe, rehema na amani zimshukie. Imepokewa kwamba wakiwa safarini aliwaamuru watu watangulie, kisha akamwita Bibi Aisha washindane mbio, naye Bibi Aisha akamshinda. Ukapita muda, Bibi Aisha akanenepa, wakawa tena safarini, watu wakatangulizwa tena, wakashindana, na mara hii Mtume akashinda, akacheka, akamwambia kwamba ushindi huu ni badala ya ule. Tumzingatie ni nani huyu akimbiaye. Ni mtu aliyepita miaka hamsini, mwenye umma mzima mabegani, aliyezungukwa na maadui, na wahyi unamshukia. Naye alizihifadhi moyoni zile mbio za zamani mpaka siku ya kuzilipa. Siku ya Idi aliwaacha Wahabeshi wacheze kwa mikuki yao msikitini, akasimama kumkinga Bibi Aisha ili atazame, wala hakuondoka mpaka mwenyewe akatosheka. Alipomkuta mtoto mdogo, Abu Umair, amehuzunika kwa kufiwa na kidege chake, alimwuliza habari za kidege kile kwa maneno yenye vina, kwa maana mtoto mwenye msiba naye hustahili taazia ya kiasi chake.

Ila katika habari zote hizi ninayoirudia mara kwa mara ni ya farasi wa Bibi Aisha. Mtume alirejea kutoka vitani, upepo ukalifunua pazia la kidaka, wakaonekana watoto wa bandia wa Bibi Aisha waliowekwa mle, na kati yao farasi mwenye mbawa mbili za matambara. Akamwuliza ni nini kile alichokiona katikati yao, akajibiwa kwamba ni farasi. Akauliza vilivyo juu yake ni nini, akajibiwa kwamba ni mbawa. Akastaajabu farasi kuwa na mbawa. Bibi Aisha akamwuliza kama hakupata kusikia kwamba Nabii Suleiman alikuwa na farasi wenye mbawa. Mtume akacheka mpaka magego yake yakaonekana. Humu ndimo ulimo ubunifu wote katika asili yake. Mtoto amechukua alichokuwa nacho, nacho ni vitambaa vilivyosalia, akaumba kwavyo kitu ambacho jicho halijapata kukiona malishoni. Na alipotakiwa ajieleze, hakujidhalilisha kwa kusema kwamba anacheza tu, alitoa ushahidi. Mawazo yake hayakuikimbia elimu. Yalisimama juu ya elimu yakaruka kutoka hapo. Na yule aliyekuwa na uwezo wa kumsahihisha, ambaye kama angesema kwamba farasi wa malishoni hawana mbawa angekuwa amesema kweli, aliiacha nafasi ya kusahihisha impite, akaichukua ya kucheka. Ni wazazi wangapi, ni walimu wangapi, ambao kila siku huokota ile nafasi ya kwanza na kuiacha hii ya pili chini, wakidhani kwamba wametimiza wajibu wao?

Na mtu mcha Mungu akihofu kwamba kucheza kwake ni unafiki, kwa kuwa mbele ya wanazuoni hulia na nyumbani hucheka, basi ajue kwamba ametanguliwa. Sahaba Handhala alitoka nyumbani kwake akijishtaki kwamba amekuwa mnafiki kwa sababu hiyohiyo, kwamba akiwa na Mtume huiona Pepo na Moto kama kwa macho, na akirudi kwa mke na watoto na shughuli zake husahau mengi. Akakutana na Abubakar, naye akakiri kwamba hukutwa na mfano wa hayo. Walipolifikisha kwa Mtume, aliwaambia kwamba lau wangedumu katika hali ile malaika wangewapa mikono njiani na vitandani mwao, lakini iko saa na iko saa, akalikariri neno hilo mara tatu. Aliyeumba moyo ndiye ajuaye kwamba hauwezi kukazwa daima.

Jirani zetu Wakristo wana habari iliyo karibu na hii katika Injili ya Mathayo. Wanafunzi walimwendea Yesu wakamwuliza nani aliye mkubwa kuliko wote katika ufalme wa mbinguni, naye akamwita mtoto akamsimamisha katikati yao. Aghalabu habari hiyo huhubiriwa kama sifa ya usafi wa moyo, lakini inafaa kwanza kulitazama swali lililoulizwa, nalo lilikuwa swali la jaha: nani mkubwa. Aliyesimamishwa hapo kati hakuwa na cheo cha kulinda. Mwanazuoni mkubwa wa kanisa, Thomas Aquinas, katika karne ya 13, akimfuata Aristotle, aliandika kwamba kuzidisha mchezo ni kosa na kupunguza mno pia ni kosa, kwa sababu mtu asiyecheza kabisa, asiyechekesha wala kuchekeshwa, huwa mzigo kwa wenzake. Na Friedrich Schiller wa Ujerumani, katika barua zake juu ya malezi ya hisi za uzuri zilizochapishwa mwaka 1795, alikwenda mbali zaidi ya wote, akashikilia kwamba insani huwa mkamilifu wa uinsani wake pale anapocheza. Mimi sifiki huko, kwa kuwa namwona pia akiwa mkamilifu anaposujudu na anapomwuguza mgonjwa. Lakini natambua alichokuwa akikitafuta.

Kinachomfanya mtu mzima aukimbie mchezo, nijuavyo mimi, si hekima wala wingi wa kazi. Ni hofu ya macho. Kila kitu kipya huzaliwa na ila: shairi la kwanza lina vina vilivyoteguka, mkeka wa kwanza umepinda upande, wimbo wa kwanza hauna sauti. Mtoto hulivumilia hilo kwa sababu hakuna jina lake linaloharibika. Mtu mzima amekwisha kujijengea jina, naye angependa kuwa fundi pasipo kupita uanagenzi. Hivyo huacha. Na akiisha kuacha, huipa hofu yake jina la heshima, akasema kwamba umri umempita.

Shaaban Robert aliingia kazini forodhani mwaka 1926, akahudumu huko kwa miaka 18 kabla ya kuhamishiwa idara nyingine za serikali. Maisha yake ya kazi yote yalikuwa maisha ya karani chini ya utawala wa wageni, ya hesabu, nakala na uhamisho. Mtu huyu, baada ya siku iliyojaa karatasi za ofisi, alikaa akabuni nchi iliyoelea angani akaiita Kusadikika, akaijaza mawaziri, wajumbe na mahakama. Akabuni nyingine akaiita Kufikirika. Akaandika habari za Adili na nduguze waliogeuzwa manyani. Alitenda sawasawa na watoto wanaochora mji mchangani na kuwagawia wenzao vyeo. Nasi sote twajua uzito wa yaliyokuwamo ndani ya mchezo ule: Kusadikika, kilichochapishwa mwaka 1951, kiliyasema juu ya dhuluma na juu ya haki ya raia kujitetea maneno ambayo karani yule hangethubutu kuyaweka katika taarifa ya ofisi. Nchi isiyokuwapo ilimpa nafasi ya kuisema iliyokuwapo. Baadhi ya watu husoma riwaya zile wakatafuta funzo tu, wakavuka haraka ile furaha ya mtungaji aliyekuwa akibuni majina na mandhari. Nahofia kwamba husoma nusu.

Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 pande za Tunduru, alikwenda Dar es Salaam kutafuta riziki kama vijana wengi wa kusini, akafanya kazi majumbani mwa watu. Alikuwa amekaribia miaka arobaini aliposhika brashi, yapata mwaka 1968. Hakuwa na chuo cha sanaa kilichomfunza, wala turubai, wala rangi za wachoraji. Alichukua vipande vya mbao za dari na rangi ile ing'aayo inayopakwa baiskeli, akachora chui, ndege, tembo na twiga wenye macho makubwa, hakuna aliyewachora hivyo kabla yake, na picha zake zikauzwa Oyster Bay karibu na duka lililoitwa Morogoro Stores. Aliuawa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliodhani kwamba ni mtu mwingine; muda wake wa kuchora ulikuwa kama miaka minne. Jina lake limekuwa jina la sanaa nzima.

Hapa yanipasa kusimama, kwa sababu habari ya Tingatinga inaitia doa hoja niliyoisema mapema, kwamba mchezo haungoji ujira. Yeye aliuza tangu mwanzo, naye alikuwa na nyumba ya kulisha. Tena wako wengi leo wachorao kwa mtindo wake, picha moja ikinakiliwa mamia ya mara kwa ajili ya watalii, na katika nyingi ya hizo sioni mchezo wowote. Wote wawili wanauza. Mbona mmoja anacheza na mwingine hachezi? Nimetafakari sana juu ya hili, nami naona kwamba fedha haiuui mchezo kwa kuja baada yake. Huuua inapotangulia, yaani pale mkono unapojua mwisho wa picha kabla haujaanza, kwa kuwa mnunuzi amekwisha kuamua. Chui wa kwanza wa Tingatinga hakuagizwa na mtu. Hakuna aliyejua kwamba yuko, hata Tingatinga mwenyewe, mpaka rangi ilipokauka. Seremala wa Lamu anayechonga kizingiti cha mlango kwa nakshi hulipwa, na bado kuna dakika ambapo patasi hukengeuka kidogo kutoka katika ruwaza ya baba yake, akatazama, akaridhika, akaendelea. Mchezo umo katika dakika ile.

Wazee wetu wa pwani walilijua jambo hili bila ya kuandikiwa na Schiller. Walijenga baraza nje ya nyumba, mahali ambapo si sokoni wala si faraghani, wakaweka hapo ubao wenye mashimo 32 na kete 64, na wakati wa alasiri, kazi zikiisha, watu wenye ndevu nyeupe waliinama juu ya komwe wakabishana kwa sauti za vijana. Katika bao cheo huvuliwa pamoja na viatu. Hamali aliyeshinda bandarini akipakua magunia humla kete tajiri mwenye magunia yale, naye tajiri hana pa kukata rufani; akikasirika, watu humcheka, kwa kuwa ameonyesha kwamba hajui yuko wapi. Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa katika zama za Wamazrui, aliyetunga juu ya vita na siasa za mji, hakuliona bao kuwa jambo dogo lisilostahili beti zake. Na usiku, vitendawili vilipotegwa, aliyeshindwa kutegua alidaiwa mji, naye akautoa, akasema nenda Unguja au nenda Mombasa, na mtegaji akaenda akarudi na kuisimulia safari isiyokuwapo. Watu waliokopeshana miji kwa namna hiyo hawakuhitaji kufundishwa ubunifu ni nini.

Wanawake wengi hawakupewa baraza hiyo, na hilo tulikiri wazi. Wao waliuingiza mchezo ndani ya kazi yenyewe, kwa kuwa kazi haikuwaacha: mtwangaji aliurusha mchi juu, akapiga makofi kabla haujarudi mkononi, msukaji wa mkeka alitia ukili wa rangi mahali ambapo mkeka ungelalika vilevile bila ya rangi, mpaka hina alijaza kiganja cha bibi arusi maua ambayo wiki mbili baadaye yangefutika. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alifinyanga vyungu akavinadi kwa sauti iliyowafanya watu watoke milangoni, kabla ya kuhamia mjini mwaka 1911. Na mwaka 1928, akiwa mtu mzima kabisa, aliivuka bahari mpaka Bombay kurekodi nyimbo zake katika sahani za santuri. Nafasi aliyoipata ya kujifunza kuimba ilikuwa njia ya kwenda kuuza.

Sitaki nidhaniwe kwamba nahalalisha kila kitu. Bao linalompitisha mtu na wakati wa sala, au linalomweka barazani hali watoto wake hawajui watakula nini, limekwisha kuwa dhuluma. Na kamari ni hoja yangu mwenyewe ikisemwa kwa upande wa pili: kete ni zilezile, sheria ni zilezile, lakini mara fedha inapowekwa katikati, nyuso hubadilika, kicheko hukauka, na hakuna tena anayemfundisha mgeni namna ya kucheza.

Basi mtu mzima anayetaka kurejea afanye nini? Sioni njia isipokuwa kutenga saa na kuilinda kama anavyoilinda saa ya wadeni wake, akaitumia katika jambo asilolijua vizuri na asilokusudia kulionyesha mtu: kutunga, kuchonga, kupanda maua, kupiga udi, kuunda kishada na mwanawe na kukubali kwamba cha mtoto kitaruka juu zaidi. Ashike sheria moja tu, kwamba katika saa hiyo haulizi faida. Mwanzoni ataona haya, hata akiwa peke yake chumbani. Haya hiyo ndiyo maradhi, na kuiona ni mwanzo wa kuiponya.

Liko pingamizi moja ambalo kwangu ni zito kuliko yote ya wanazuoni. Yuko mama anayeamka kabla ya alfajiri kukaanga maandazi, akayauza njia panda, akaenda kufua nguo za watu mpaka jua lichwe, akarudi kupika. Kumwambia mama huyu atenge saa ya kucheza ni kumdhihaki. Sina nasaha ya kumpa. Nina madai ya kumdaia, kwa waliomzunguka, kwa wanaomlipa ujira usiomtosha, na kwa waliomwachia kazi zote za nyumba kana kwamba aliandikiwa. Na zaidi ya yeye nawaangalia watoto wake. Uwanja waliokuwa wakichezea umepimwa viwanja vya kujengea. Jioni yao imechukuliwa na masomo ya ziada, na Jumamosi imechukuliwa, na Jumapili nayo imeanza kuchukuliwa. Mwenye umri wa miaka saba ana ratiba ya karani. Tumewashushia kalamu kabla ya Mola kuwashushia. Mtoto wa namna hii atakapofika makamo hatakuwa na kitu cha kurejea, na yote niliyoyaandika humu, ambayo yanachukulia kwamba kila mtu mzima aliwahi kucheza, hayatamfaa.